Karani Miongoni mwa Mafundi: Maisha ya Samuel Pepys

Kuna uhasama mmoja usiopigiwa mbiu, nao hukaa katika kila ofisi yenye mafundi na makarani. Fundi humwona karani kuwa ni mchafua karatasi, asiyejua uzito wa nyundo. Karani naye humcheka fundi kwa kushindwa kuandika barua ikaeleweka. Mkubwa wao huwasikiliza mafundi katika mambo ya kazi, na karani humtumia kama kalamu tu, yaani chombo cha kuandikia mawazo ya watu wengine. Taifa linalojenga reli, mabwawa na viwanda hupata hasara kubwa kwa uhasama huo, maana amri hutolewa kwa kufuata maandishi, na maandishi ya mtu asiyeijua kazi humpotosha mwenye kutoa amri.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja wa Uingereza, aliyefariki zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, ambaye aliingia kazini kama karani asiyejua lolote la bahari, akakaa mezani pamoja na majemadari wa vita na mafundi wa merikebu waliomdharau, na mwisho akawa ndiye mtu ambaye bila yeye kazi haikwenda. Jina lake ni Samuel Pepys, na Waingereza hulitamka Piips. Hatumleti hapa kuwa mtakatifu. Msomaji ataona mwenyewe kwamba alikuwa na madoa, na mengine hayafutiki.

Alizaliwa London tarehe 23 Februari, 1633. Baba yake alikuwa mshona nguo, na mama yake alikuwa amepata kufanya kazi ya kufulia watu nguo kabla ya kuolewa. Watoto walikuwa kumi na mmoja, naye alikuwa wa tano. Jamaa hao hawakuwa na mali, lakini walikuwa na ndugu mkubwa, Edward Montagu, aliyekuja kuwa Earl wa Sandwich, na kwa akili yake mwenyewe pamoja na msaada wa watu, kijana Samuel alisoma katika shule ya St Paul's, kisha katika chuo cha Magdalene, Cambridge, akapata digrii yake mwaka 1654. Alijua Kilatini vizuri, alipenda muziki, na maandiko yake yalikuwa safi. Mwaka 1658 alipasuliwa na waganga wakamtoa jiwe la kibofu, katika zama ambazo dawa ya kumlaza mgonjwa ilikuwa haijajulikana. Alipona, na kila mwaka aliiadhimisha siku ile kwa karamu.

Mwaka 1660 Mfalme Charles wa Pili alirudishwa Uingereza kutoka uhamishoni. Montagu ndiye aliyekwenda na merikebu kumchukua, na Pepys alikwenda naye kama mwandishi wake. Kwa fadhila za safari hiyo akapewa, mwezi wa Julai, cheo cha Karani wa Baraza la Manowari kwa mshahara wa pauni 350 kwa mwaka. Tusifiche ukweli: kazi hiyo aliipata kwa ujamaa, hakuipata kwa ujuzi. Tena palikuwa na mzee aliyeshika cheo hicho zamani na ambaye bado alikuwa na haki yake, ikabidi Pepys amlipe pauni 100 kila mwaka ili amwachie nafasi. Mzee huyo aliendelea kuishi hadi mwaka 1665, na Pepys aliendelea kulipa.

Sasa tutazame baraza aliloingia. Mweka Hazina alikuwa Sir George Carteret, aliyekuwa na maarifa ya bahari na ya utawala. Mkaguzi wa Merikebu alikuwa Sir William Batten, aliyeanza kushika kazi hiyo tangu mwaka 1638, Pepys akiwa mtoto wa miaka mitano. Sir William Penn alikuwa jemadari wa bahari ambaye merikebu zake ziliiteka Jamaika mwaka 1655. Mwanawe ndiye aliyeanzisha Pennsylvania huko Marekani. Hawa walikuwa watu walionukia chumvi na baruti. Na katikati yao akaketi kijana wa miaka ishirini na saba, mwana wa mshona nguo, ambaye hakuweza kutofautisha omo na tezi. Kwa sheria alikuwa na haki sawa na wao ya kusema barazani. Kwa kweli walimtazamia aandike yaliyosemwa, na anyamaze.

Na kwa muda alinyamaza. Miaka miwili ya kwanza hakufanya la ajabu. Alijifunza taratibu za ofisi, alihudhuria karamu, alikwenda kutazama michezo ya kuigiza zaidi ya ilivyompasa. Mabadiliko yalikuja mwaka 1662, na tunapenda kukaa hapa kwa kitambo, kwa kuwa ndipo ilipo shina la habari yetu.

Mwezi wa Julai mwaka huo mtu huyu, mwenye digrii ya Cambridge, alimwita baharia mmoja jina lake Cooper, aliyekuwa mate katika manowari ya Royal Charles, amfundishe hesabu. Somo la kwanza lilikuwa jedwali la kuzidisha. Msomaji asicheke. Vyuo vya wakati ule vilimfundisha kijana kutunga beti za Kilatini na kumwacha asijue saba mara nane. Karani wa Baraza la Manowari, ambaye mikataba ya maelfu ya pauni ilipita chini ya mkono wake, alikuwa akiamka saa kumi za alfajiri ili akariri jambo ambalo leo hukaririwa na mtoto wa darasa la tatu. Hakuona haya kufundishwa na mtu aliye chini yake kwa cheo. Cooper akamfundisha pia sehemu za merikebu kwa kutumia mfano mdogo wa chombo: mkuku, mataruma, milingoti, foromali na kamba, kila kitu kwa jina lake.

Mwezi uliofuata akampata mwalimu mwingine aliye bora zaidi. Katika karakana ya Woolwich alikuwako fundi kijana, Anthony Deane, msaidizi wa fundi mkuu. Deane alimchukua Pepys hadi msitu wa Waltham, wakatazama miti ikiangushwa na kuchongwa, akamwonyesha siri iliyomwibia Mfalme fedha kwa miaka mingi. Gogo likichongwa ili liwe na pande nne, mara nyingi pembe zake hazitimii. Hubaki zimeviringana kwa kuwa mti wenyewe haukuwa mnene wa kutosha. Lakini wauzaji walilipima kana kwamba pembe zote nne ni kamili, na Serikali ikalipia mbao ambazo hazikuwako. Mafundi waliijua hila hiyo. Baadhi yao walinyamaza kwa kuwa walipata sehemu yao, na wengine kwa kuwa hapakuwa na mtu ofisini ambaye angewaelewa kama wangesema. Pepys alirudi London akijua kupima ubao. Baadaye akajiagizia kipimo chake mwenyewe cha kupimia miti, akawa anakitembeza mifukoni karakanani.

Katika miezi hiyo hiyo liliingia shauri la kamba. Kamba za merikebu za zamani zilisokotwa kwa katani ya Ulaya, si mkonge kama wa kwetu Tanga, bali nyuzi za mmea wa jamii ya bangi. Na iliyosifika kwa nguvu ilitoka Riga. Mwuzaji mmoja alileta nyuzi zake, na wakubwa wa baraza hawakuona ubaya. Pepys alitaka zijaribiwe. Katika jaribio lililofanywa Woolwich mwezi wa Juni, nyuzi tano za mwuzaji huyo zilikatika mbele ya nyuzi nne za Riga. Zilipofumuliwa, ikaonekana kwamba ndani ya baadhi yake mlikuwa na nyuzi kuukuu zenye lami, zimefunikwa juu kwa nyuzi mpya ili zipendeze macho. Hebu fikiri juu ya baharia anayening'inia kwenye kamba ya namna hiyo usiku wa dhoruba. Kwa kulishikilia jambo hili Pepys alipata maadui, naye alijua kwamba atawapata.

Yapo mengine ya kuchekesha katika bidii yake. Aliagiza ukuta wa chumba chake utobolewe tundu ili apate kuona yanayofanyika katika ofisi kubwa bila yeye kuonekana. Hilo hatulisifu, mkubwa anayechungulia tunduni huwafundisha watu wake kujificha. Walakini linaonyesha jinsi alivyokuwa na kiu ya kujua kila linalotendeka.

Je, elimu hiyo aliifanyia nini? Aliandika. Na hapa inafaa tumlinganishe na mwenzake mmoja, Sir John Mennes, aliyekuwa Msimamizi wa Hesabu. Mennes naye alikuwa mtu wa kalamu. Alikuwa mshairi aliyechapisha mashairi ya kuchekesha, na tena alikuwa baharia wa siku nyingi. Mezani hapakuwa na mtu aliyependeza kuliko yeye. Lakini daftari zake zilikuwa vurugu tupu, na hakuna aliyemwogopa wala kumtegemea. Kwa hiyo tusiseme kwamba Pepys aliheshimiwa kwa sababu alijua kupanga maneno. Kama ni kupanga maneno tu, Mennes alimshinda. Barua za Pepys ziliheshimiwa kwa kuwa zilisema ubao huu una upana huu, kamba hii ilikatika kwa uzito huu, mkataba wa mwaka fulani ulikuwa na bei hii, na nakala yake hii hapa. Aliweka nakala ya kila barua aliyoipeleka. Alikusanya kumbukumbu za zamani zilizokuwa zikiliwa na panya, akazipanga. Mtu akisimama barazani na kudai kwamba desturi ya tangu zamani ni hivi, Pepys aliweza kufungua daftari na kuonyesha kwamba sivyo. Batten na Penn hawakumpenda kwa hilo, na yeye hakuwapenda, lakini walianza kuchunga ndimi zao mbele yake.

Aliyemwona mapema alikuwa Sir William Coventry, mwandishi wa Duke wa York, ndugu yake Mfalme na mkuu wa manowari zote. Coventry alikuwa mtu mkavu, mwenye akili kali, asiyependa maneno mengi. Alikuta kwamba barua za karani huyu zaweza kutiwa mkononi mwa Duke zikaeleweka bila ya mtu kuzifasiri. Mwaka 1665, vita na Waholanzi vilipoanza, Duke wa Albemarle, askari mkongwe asiyekuwa na mapenzi makubwa na vitabu, alimhesabu Pepys kuwa ndiye mkono wa kuume wa manowari za Uingereza. Mwaka uo huo ilikuja tauni. Wenye uwezo waliihama London. Pepys aliipeleka familia yake nje ya mji, na yeye mwenyewe akabaki kazini kwa muda mrefu, hata ofisi ilipohamishiwa Greenwich. Wakati wa kufa mabaharia kwa risasi, aliona haifai karani akimbie ugonjwa.

Katika miezi hiyo ya tauni alishughulika na chakula cha mabaharia. Katika kila merikebu palikuwa na mgawa chakula, naye alipata faida kwa kuandika majina ya watu wasiokuwamo. Wengi walikuwa wamepiga kelele juu ya wizi huo kwa miaka na miaka. Pepys hakupiga kelele. Aliketi na waliojua kazi, akawauliza jinsi mtu yule anavyoishi, faida yake hutoka wapi na hasara yake huingia wapi. Kisha tarehe 1 Januari, 1666, akampelekea Coventry waraka mrefu wa kuonyesha jinsi malipo yawezavyo kupangwa hata mgawa chakula asiwe na faida yoyote katika kudanganya idadi ya watu. Sisi twaamini kwamba waraka ule una thamani kuliko hotuba mia moja za kulaani wezi.

Lakini lazima tuseme pia juu ya mikono yake mwenyewe. Mtu huyu aliyewafichua wauza nyuzi mbovu alipokea zawadi. Mfanya biashara mkubwa wa milingoti, Sir William Warren, alimpa siku moja mwaka 1664 glovu za mkewe zilizofungwa katika karatasi, na ndani mlikuwa na vipande arobaini vya dhahabu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, nahodha mmoja alimpa barua yenye fedha. Pepys aliikung'uta ile karatasi mpaka fedha zikadondoka zote, ndipo akaitazama, ili akiulizwa kwa kiapo aweze kujibu kwamba hakuona fedha ndani yake. Hila ya mtoto! Alijitetea moyoni kwamba hakununua kitu kibaya kwa ajili ya zawadi, na kwamba milingoti ya Warren ilikuwa mizuri na ya bei nafuu, na pengine ilikuwa hivyo. Wakubwa wote wa siku zile walipokea. Kwetu sisi hiyo si hoja. Mlungula haugeuki kuwa halali kwa sababu mbao ni nzuri.

Tena lipo lililo baya zaidi. Mke wa seremala mmoja wa Deptford alikuja kumwombea mumewe nafasi nzuri katika merikebu, na Pepys alimtumia mwanamke yule kwa tamaa zake kwa miaka kadhaa kama malipo ya kupandishwa cheo kwa mumewe. Na sisi Waafrika tunalo jingine la kumdai. Bwana wake, Duke wa York, ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyochukua watu wa Afrika ya Magharibi na kuwauza ng'ambo. Pepys hakuona kosa katika biashara hiyo, na nyumbani mwake alipata kuwa na watumwa Waafrika. Mwaka 1688 alifanya mpango ili mmoja wao, aliyemwona kuwa mkorofi, apelekwe katika merikebu akauzwe mashambani. Barua ya shauri hilo ilikuwa safi na iliyopangwa vizuri kama barua zake zote. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu anayesifu kalamu.

Turudi katika kazi yake. Mwezi wa Juni 1667 Waholanzi waliingia mto Medway, wakachoma moto manowari za Kiingereza zilizokuwa zimefungwa Chatham, wakaivuta Royal Charles yenyewe hadi kwao. Aibu hiyo iliitikisa Uingereza yote. Hapakuwa na fedha. Mabaharia walikuwa hawajalipwa mishahara yao kwa muda mrefu, walipewa vyeti vya karatasi badala ya fedha, na baadhi yao walikwenda kuwatumikia Waholanzi wakiwa na vyeti hivyo mifukoni. Bunge lilitaka mtu wa kubeba lawama. Peter Pett, msimamizi wa Chatham na mtoto wa ukoo wa mafundi wa merikebu, alitiwa gerezani katika Ngome ya London. Kisha zamu ya baraza zima ikafika.

Tarehe 5 Machi, 1668, Baraza la Manowari liliitwa mbele ya Bunge. Waliokuwa na vyeo kuliko Pepys walikuwako, lakini hapakuwa na shaka ni nani atakayesema. Usiku alilala vibaya. Asubuhi alikunywa mvinyo wa moto na tone la brandi ili moyo upate kutulia. Kisha akasimama, akasema kwa zaidi ya saa tatu bila kukwama, akieleza fedha ngapi ziliombwa, ngapi zilipatikana, kwa nini vyeti vilitolewa, na nani aliamuru. Wabunge waliokuja wamenoa visu walitoka kwenda kula, na shauri likaahirishwa bila baraza kuhukumiwa. Siku ya pili Mfalme na Duke wenyewe walimpongeza. Watu walisema kwamba alizaliwa msemaji. Sivyo. Aliyesema siku ile ni yule mtu wa saa kumi za alfajiri na jedwali la kuzidisha.

Miezi michache baadaye lilitokea jambo ambalo twadhani ndilo linaloonyesha zaidi nafasi aliyokuwa ameipata. Duke wa York alitaka kuwakemea wakubwa wa baraza kwa uzembe wao, lakini hakuyajua makosa yenyewe kwa undani. Pepys alimwandikia barua nzima, naye Duke akaitia sahihi yake na kuipeleka barazani kana kwamba aliitunga yeye. Kila mkubwa aliona kosa lake limetajwa wazi. Ili asitambulikane, Pepys alijitia na yeye mwenyewe katika lawama, kisha akaketi akaandika majibu yake kwa barua aliyoiandika mwenyewe! Wenzake walimshuku, lakini hawakuwa na ushahidi. Twaweza kumwita mjanja, hata mnafiki. Si jambo zuri kumsikiliza mwenzako akisoma kwa uchungu maneno uliyoyatunga kwa siri. Walakini makosa yaliyotajwa yalikuwa makosa ya kweli. Karani aliyetazamiwa aandike mawazo ya wakubwa alikuwa sasa anawapa wakubwa mawazo ya kufikiri.

Mwaka 1669 macho yake yalidhoofika, na mkewe Elizabeth akafariki akiwa bado kijana. Tutayapita haraka matukio ya miaka iliyofuata. Mwaka 1673 akawa Mwandishi wa Admiralty, na mwaka huo huo akawa mtetezi mkubwa wa kuanzishwa kwa darasa la hesabu katika shule ya Christ's Hospital, ambamo watoto arobaini wa watu wasio na mali walifundishwa elimu ya kuongoza merikebu. Mwaka 1677 Bunge lilikubali kutoa fedha za kujenga manowari thelathini. Na mwezi wa Desemba mwaka huo akaleta sheria iliyowachukiza wakubwa wengi: hapana mtu atakayefanywa luteni wa manowari mpaka awe amekaa baharini si chini ya miaka mitatu, awe na vyeti vya manahodha wake, na ashinde mtihani. Kabla ya hapo mtoto wa bwana mkubwa aliweza kupewa amri ya mamia ya watu kwa jina la ukoo wake tu. Ajabu ni kwamba sheria hiyo iliandikwa na mtu ambaye mwenyewe aliingia kazini kwa jina la ndugu yake. Labda ndiyo sababu aliujua vizuri mlango uliofaa kufungwa.

Na Deane je? Yule fundi wa Woolwich alipanda, kwa ustadi wake na kwa barua za Pepys, akawa fundi mkuu wa Harwich mwaka 1664. Deane alikuwa na maarifa ya kukokotoa, kabla merikebu haijashushwa majini, itazama kiasi gani. Mafundi wengine walingoja waone. Kwa ombi la Pepys aliandika, mwaka 1670, kitabu cha kueleza jinsi merikebu inavyochorwa na kupimwa. Mafundi wa zamani walificha elimu yao kama waganga wanavyoficha dawa, wakawaachia wana wao peke yao. Karani alimfundisha fundi kuandika, baada ya fundi kumfundisha karani kupima.

Urafiki huo ulijaribiwa mwaka 1679, wakati wote wawili walipotiwa pamoja katika Ngome ya London kwa kushtakiwa kwamba waliuza siri za manowari kwa Ufaransa. Shtaka lilikuwa la uongo, lililoletwa na tapeli mmoja kwa chuki za siasa na dini. Pepys hakulia. Alituma watu hadi Ufaransa, akakusanya karatasi moja baada ya moja juu ya maisha ya mshtaki wake, na mwaka 1680 shtaka likaanguka lenyewe.

Aliporudishwa kazini mwaka 1684, alikuta wale waliokaa mahali pake wameziacha zile manowari thelathini zioze bandarini. Pepys, sasa mzee wa miaka hamsini na zaidi, aliteremka mwenyewe hadi ngamani, akachuma kwa mikono yake uyoga ulioota juu ya mbao, mkubwa kama ngumi. Angeweza kumtuma mtu. Lakini aliyeiona ngama kwa macho yake hakuna amiri anayeweza kumbishia. Mwaka 1686 ikaundwa tume ya matengenezo, Deane akiwa mmoja wao, na merikebu zikatengenezwa.

Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia mwisho wa 1684 hadi mwisho wa 1686, wataalamu wa Royal Society walimchagua kuwa rais wao. Hakuwa mtaalamu wa elimu yoyote miongoni mwa elimu zao. Hivyo kitabu cha Isaac Newton juu ya nguvu za uvutano, kilichotoka mwaka 1687, kina jina la Pepys katika ukurasa wake wa mbele, kwa kuwa ndiye aliyetoa idhini kichapwe. Hatudhani kwamba alizifahamu hesabu zilizomo.

Mfalme James wa Pili, yule Duke wa York wa zamani, alipopinduliwa, Pepys alijiuzulu mwezi wa Februari 1689. Mwaka 1690 alichapisha kitabu kidogo juu ya hali ya manowari, ndicho pekee alichokichapa kwa jina lake katika maisha yake. Alifariki Clapham tarehe 26 Mei, 1703, katika nyumba ya Will Hewer, aliyekuwa karani wake tangu mwaka 1660. Serikali ilikuwa na deni lake la pauni zaidi ya 28,000, na haikulilipa.

Alikiachia chuo chake cha Cambridge vitabu vyake vipatavyo 3,000. Miongoni mwake mlikuwa na daftari sita zilizoandikwa kwa hati za mkato, ambamo kwa miaka tisa na miezi mitano, tangu Januari 1660 hadi Mei 1669, alijiandikia kila siku habari zake zote, za ofisini na za chumbani, nzuri na za aibu. Na mengi tuliyoyasimulia hapa yametoka humo. Hapakuwa na aliyeweza kuzisoma kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja maskini, John Smith, alipewa kazi ya kuzifumbua, akaketi juu yake miaka mitatu, na mwaka 1825 sehemu yake ikachapwa. Smith alifanya kazi ile yote kwa kubahatisha na kulinganisha. Kitabu kinachofundisha hati zile za mkato kilikuwa katika maktaba ile ile, hatua chache kutoka zilipowekwa daftari; Pepys alikuwa amekipanga mahali pake.